Tasbihi ya Mapipa

Nyuma ya Mishomoroni, pale nyumba zinapokoma na mikoko inapoanza, bahari imenyoosha mkono mmoja ukaingia bara. Ng'ambo ya mkono huo kuna mashamba ya minazi na mihogo. Upande wetu kuna kipande cha mchanga kisichozidi uwanja wa watoto wa kuchezea mpira wa kati, nasi tulikiita bandari. Mahali pengine Mombasa ukitaja bandari watu huelekeza macho Kipevu, penye winchi na makontena. Kwetu bandari ilikuwa mashua moja, karai moja la viazi, na shangazi yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa akivusha watu. Aliirithi mashua kwa mumewe, aliyekufa mapema. Wanawake wa ng'ambo walikuja asubuhi na mchicha wao, na jioni wakarudi na unga na sabuni. Aliwavusha akiwa amekaa kwenye ubao wa katikati, makasia mkononi, mgongo kauelekeza aendako na uso kawaelekeza abiria. Kwa hivyo, kabla ya kumjua mtu mwingine yeyote, mimi nilimjua shangazi kwa uso wake unaporudi nyuma na kusonga mbele, ukija na kwenda, na nyuma yake mikoko ikisogea polepole.

Kilichofanya kivuko chetu kiwe na hadithi ni ukuta. Zamani kulikuwa na watu waliotaka kutengeneza chumvi mahali pale. Walijenga ukuta wa mawe kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ili wayazuie maji, wakaacha mlango mmoja katikati. Watu wa chumvi waliondoka, ukuta ukabaki. Maji yakijaa huoni kitu, ni utulivu mtupu. Lakini maji yakipwa, maji yote yaliyo ndani hutafuta njia ya kutoka, na njia ni ule mlango tu. Huko hushuka kwa kishindo juu ya mawe, povu jeupe, na mashua itakayokokotwa mpaka pale haitoki ikiwa mashua. Hutoka mbao.

Ndiyo maana pakawekwa mapipa. Yalikuwa mapipa ya buluu yaliyozibwa vinywa, yamefungwa kwenye mnyororo mnene, yanaelea kwa safu toka ng'ambo hadi kwetu, juu kidogo ya ukuta, upande wa ndani. Hayakukata maji moja kwa moja. Yalilazwa mshazari, ili mashua itakayochukuliwa na mkondo ijigonge kwenye mapipa badala ya kufika mlangoni, kisha mwenye mashua ajivute kwa mikono, pipa baada ya pipa, mpaka atue kwenye mchanga wetu. Mawimbi madogo yalipoyapita, mapipa yaligongana: kodo, kodo, kodo. Mpaka leo nikisikia mtu anagonga jeri tupu la maji, moyo wangu hukimbilia pale.

Aliyeyapa jina ni mama wa viazi. Huyo alikuwa shoga wa shangazi tangu usichana wao. Alikaa chini ya mwavuli uliokwisha rangi, akikaanga viazi vya karai na kuvifunga katika vipande vya gazeti, na mbele yake bakuli mbili: ya ukwaju na ya pilipili. Siku moja aliyatazama yale mapipa akasema, "Angalieni, si tasbihi hiyo? Mtu akinaswa pale hana budi avute uradi, pipa kwa pipa."

Shangazi, ambaye hakukosa kanisani hata Jumapili ya mvua kubwa, alimjibu kutoka mashuani: "Hiyo ni rozari."

"Rozari ina msalaba, shoga. Huo mnyororo msalaba wake uko wapi?"

Shangazi alitafuta jibu mpaka akafika ng'ambo, hakulipata, na jina likabaki tasbihi.

Basi kukawa na desturi. Mwenye chombo akichukuliwa na maji akanaswa, wa kwanza kumwona ufuoni hupiga ukelele: "Huyooo! Anavuta uradi!" Hapo kila mtu huacha anachofanya. Wanawake hupiga vigelegele, watoto huruka, wavuvi wanaoshona nyavu husimama na kuulizana kwa sauti, ili anayejivuta asikie:

"Amefika pipa la ngapi?"

"Bado, sheikh, ndiyo kwanza amemaliza bismillahi!"

"Mwambieni asiruke hata moja, haitapokewa!"

Aliyenaswa alitakiwa ajibu. Akinyamaza ilikuwa aibu ya pili. Alitukana mkondo, akatukana mapipa, akamtukana aliyecheka zaidi, huku akijivuta. Akifika, kabla hajatoka majini, mama wa viazi alimletea kiazi kilichozamishwa kwenye pilipili mpaka kikabadilika rangi. Alikila palepale, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, machozi yakimtoka, watu wakihesabu machozi. Kisha mambo yalikwisha. Alikuwa amekubaliwa, na kesho yake angekuwa wa kwanza kumpigia mwenzake ukelele. Na jambo lisilopigiwa ukelele lilihesabiwa kuwa halikutokea. Hiyo ilikuwa sheria, ingawa hakuna aliyeitunga.

Shangazi naye alikula kiazi chake katika ujana. Alipenda kutuhadithia kwamba siku hiyo tumbo lilikuwa limefika mbele, ana mimba ya mwanawe wa pekee, na hakuna aliyemwonea huruma. "Walinipigia kelele mpaka mtoto akageuka tumboni," alisema kwa fahari, kama mtu anayesimulia harusi yake. Baada ya hapo hakunaswa tena. Miaka ilipita, mapipa yalibadilishwa, mimi nikazaliwa, nikajifunza kusoma nimekaa mbele yake mashuani, na yeye hajaigusa tasbihi.

Kulikuwa pia na siku za kuparuza. Chaza na kome walipenda kuota kwenye mapipa na mnyororo, na wakizidi, mapipa huwa mazito, yakazama nusu. Kwa hivyo maji yalipokuwa mafu, yale maji ya siku za mwezi nusu yasiyo na nguvu za kujaa wala kupwa, wanawake walitoka na mitumbwi, wakayashika mapipa moja moja na kuyaparuza kwa visu vilivyochakaa. Waliokota walivyoangusha, wakapika kwa nazi palepale ufuoni. Nilijua utamu wa kome kabla sijajua kwamba mahali pengine watu hula kome hotelini kule Nyali wakiwa wamevaa viatu. Shangazi aliniachia mnyororo, yeye akichukua mapipa. "Wewe vidole vyako vyembamba, vinaingia." Nilirudi nyumbani na mikwaruzo, mama akinipaka mafuta ya nazi akinung'unika, nami nikiwa na furaha isiyo na sababu.

Mwanawe, binamu yangu, alikua akawa dereva wa trela Kipevu. Ni mtu mpole, mzito wa maneno, anayempenda mama yake kwa namna inayomtia hasira. Jumapili moja, tukiwa tumekaa karibu na karai baada ya ibada, alianza.

"Mama, bega hilo limechoka."

"Lililochoka ni bega lako, kwa kukaa kwenye lori ukingoja foleni."

"Nimekuona jana. Ulipotia makasia uliuma meno."

"Nilikuwa nacheka."

Mama wa viazi aliangua kicheko, lakini binamu yangu hakucheka. Alisema, "Basi tuahidiane hapa hapa mbele za watu. Siku utakayovuta tasbihi, makasia nayatia darini. Utakaa, utapumzika."

"Na nisipovuta?"

"Utavusha mpaka siku ya kufufuliwa."

Shangazi alinyoosha mkono, wakapeana. "Haya. Shahidi ni shoga yangu."

"Mimi ni shahidi wa viazi tu," alisema mama wa viazi akigeuza vyake kwenye mafuta. "Lakini masikio ninayo."

Hivyo ndivyo makasia yalivyowekwa kwenye mizani, na watu wote wa bandari wakajua. Kwake makasia hayakuwa kazi tu. Akivusha, alikuwa mtu anayengojwa. Wa ng'ambo walimwita kwa mikono miwili hewani, na wa kwetu hawakuweza kwenda popote mpaka yeye amesema "pandeni". Niliwahi kumwona kanisani, amekaa na wengine kwenye benchi, nikashangaa jinsi alivyokuwa mdogo.

Nilikuwa nimeanza kuishi Changamwe wakati huo, nimepanga chumba juu ya duka la vipuri, lakini kila wiki nilirudi nikavuka naye, sina safari ng'ambo, navuka na kurudi tu. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Zamani, maji yakipwa, shangazi alikuwa anapanda dhidi ya mkondo kidogo tu kando ya mikoko, mpaka kwenye mkoko mmoja uliopinda kama kiwiko, kisha anakata kwenda ng'ambo. Mkondo ungemshusha, naye angetua sawasawa alipotaka. Sasa aliupita ule mkoko. Alipanda hadi kwenye mtumbwi mbovu uliozama matopeni, ndipo akakata. Mwaka uliofuata aliupita hata mtumbwi. Alikuwa anajiwekea nafasi. Kadiri bega lilivyopungua, ndivyo alivyoanza safari mbali zaidi, ili mkondo ukimshusha asifike kwenye mapipa.

"Leo tunakwenda Kilifi?" aliuliza mwanamke mmoja wa mchicha.

"Ukitaka kuoga utashukia hapa," shangazi alimjibu, na mashua nzima ikacheka. Mimi nilimtazama mdomo. Alikuwa anauma meno.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yaliyojaa kupita kiasi na sasa yanarudi kwa pupa. Tulikuwa tunatoka ng'ambo kuja kwetu: mimi, yule mwanamke wa mchicha, na mzee mmoja aliyempakata jogoo. Shangazi alipanda dhidi ya mkondo, akapita usawa wa mtumbwi mbovu, akaenda mpaka pale mikoko inapofungana. Kisha akakata. Tulifika katikati vizuri. Hapo kasia la kulia likaingia majini na halikurudi kwa wakati. Aliliinua tena, likaingia, likachelewa. Uso uliokuwa ukija na kwenda mbele yangu maisha yangu yote ukasimama.

Nilisikia kodo, kodo, ikisogea.

"Shangazi, nipe kasia moja nikusaidie."

"Kaa."

Alikuwa na njia mbili, nami niliziona zote mbili zikipita machoni mwake. Angeweza kuendelea kupambana, labda tungepita kwa wembamba wa kucha, labda tungeyagonga mapipa kwa kichwa cha mashua na kupinduka. Au angeweza kuiacha mashua ijilaze ubavu, iyafikie mapipa taratibu, ayashike. Alimtazama mwanamke wa mchicha, akamtazama mzee na jogoo wake. Akayavuta makasia ndani.

"Shikeni ubao," alisema. "Tunanaswa."

Tuligusa. Mapipa yalitupokea kwa upole, yakazama kidogo, yakainuka. Nyuma yake mlango wa ukuta ulikuwa unanguruma, na matone ya povu yalifika mpaka kwenye nguo zetu. Shangazi aliinama akaushika mnyororo, akaanza kutuvuta. Chaza walikuwa wameota tena. Alituvuta, pipa likapita, akatuvuta, la pili likapita. Nikashika nami. Yule mzee akamkabidhi mwanamke jogoo, akashika naye.

Ndipo nilipoona kwamba hatusikii kitu.

Niliinua kichwa. Ufuo ulikuwa umejaa watu. Wavuvi walikuwa pale na nyavu zao, watoto walikuwa pale, mama wa viazi alikuwa amesimama nje ya mwavuli wake na mwiko mkononi. Wote walikuwa wanatuangalia, na hakuna aliyefungua mdomo. Kitoto kimoja kilianza "Huyoo—" mama yake akakiziba kinywa. Na binamu yangu, ambaye hakuwa na zamu siku hiyo, alikuwa amesimama karibu na karai. Alituona. Nina hakika alituona. Kisha akageuza mgongo, akatoa simu mfukoni, akaanza kuitazama kana kwamba dunia yote imo humo.

Nilielewa walichokuwa wanafanya. Lisilopigiwa ukelele halikutokea. Walikuwa wanamwachia makasia yake. Niliwapenda watu wale, na binamu yangu zaidi, aliyependa kumpumzisha mama yake kuliko kitu chochote, na ambaye sasa, saa ilipofika, alikuwa anajifanya kipofu.

Shangazi alituvuta mpaka pipa la mwisho. Mashua ikagusa mchanga, abiria wakashuka kimya kimya kama watu wanaotoka matangani. Mama wa viazi alikuja mbio na kiti cha plastiki.

"Pole, dada. Mkondo wa leo mbaya. Keti, nikuletee chai."

Shangazi hakukiketia. Alishuka, akasimama palepale, maji kwenye vifundo vya miguu. Viganja vyake vilikuwa vimekatwa na chaza, damu inatiririka mpaka kwenye vidole.

"Kiazi changu kiko wapi?" aliuliza.

"Kiazi gani tena, shoga? Ulichelewa tu kidogo."

"Nakuuliza kiazi changu."

Mama wa viazi alirudi kwenye karai, akachukua kimoja, akakichovya. Alimletea. Shangazi alikiingiza chote mdomoni, akatafuna polepole, akameza. Tukangoja. Macho yake yalibaki makavu.

"Hakina pilipili," alisema. "Umekichovya kwenye ukwaju."

Mama wa viazi aliinamisha kichwa.

"Nilipokuwa na mimba ya huyu," shangazi alisema, akimwelekezea mwanawe kidevu, "mlinipigia kelele tumbo likiwa hapa. Hamkuniona mgonjwa. Hamkuniona mjane. Mliniona nahodha. Leo mmeniona nini?"

Hata jogoo wa yule mzee alinyamaza. Binamu yangu aligeuka hatimaye, simu mkononi, macho yamemwiva.

"Mama, mimi sikuona kitu. Nilikuwa naongea na watu wa kazini."

"Ulishika simu juu chini," alisema shangazi.

Mtu mmoja akacheka kwa pua tu, kisha mwingine. Shangazi alirudi mashuani, akatoa makasia, moja akaliweka kwenye bega zuri, la pili akaliburuta. Akayalaza miguuni pa mwanawe.

"Tuliahidiana. Yatie darini."

"Mama, si lazima."

"Ni lazima. Ukiyaacha, kila nitakapovuka nitakuwa navuka kwa huruma zenu. Mimi huruma sijui kuipiga kasia."

Aliondoka akapanda njia ya nyumbani, nyayo zake zikiacha maji mchangani. Mimi nilibaki nikimwangalia binamu yangu akiyainua yale makasia, mikono yake mikubwa ya kushika usukani ikiwa haijui yashikwe wapi.

Sasa kuna tasbihi mpya. Waliileta watu waliovaa majaketi ya rangi kali: maboya ya manjano ya plastiki, laini, marefu, yamefungwa kwa waya badala ya mnyororo. Ni mazuri, na yana vishikio vya kamba pembeni. Chaza wanapata shida kuyashika. Hayasemi kodo. Yanasuguana tu, sauti kama ya mtu anayepangusa meza. Mapipa ya buluu yalitolewa yakagawanywa mitaani. Moja liko kwa mama wa viazi, anawekea maji. Moja lilikatwa likawa kiti, likatiwa mto wa kitambaa cha leso, na hapo ndipo shangazi anapoketi, kando ya karai, kila siku isiyo Jumapili. Ilimchukua muda kurudi. Mwanzoni alisema jua ni kali, kisha akasema ni miguu. Halafu siku moja alikuwa pale.

Mashua anaivusha binti wa jirani, aliyekuja na wazazi wake kutoka bara akiwa mdogo, mwenye mikono kama ya mwogeleaji na Kiswahili ambacho shangazi hukifanyia uso. Shangazi alimfundisha akiwa nchi kavu, kwa kunyooshea kidole. Makasia ni mapya. Yale ya zamani yako darini kwa binamu yangu kweli, nimeyaona, yamefunikwa kwa gunia.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa mchangani karibu na lile pipa. Yalikuwa maji ya bamvua, yanapwa. Binti alikata mapema mno, akiuacha mkoko uliopinda bila kuufikia, nami nilimwona shangazi akinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti chake. Mashua ilishuka, ikashuka, ikajilaza kwenye maboya ya manjano. Ufuo ukatulia. Watu walitazamana. Ni mgeni wetu, ni msichana, anajifunza, na mama yake alikuwa palepale akinunua viazi, mkono kaupeleka mdomoni.

"Tumwache," alinong'ona mvuvi mmoja. "Atavunjika moyo."

Shangazi alisimama wima. Sijui sauti ile alikuwa ameihifadhi wapi miaka yote hiyo.

"Huyooo! Anavuta uradi!"

Bandari nzima ikalipuka. Vigelegele, makofi, watoto wakaruka. "Lipi hilo, la ngapi?" "Ndiyo kwanza bismillahi!" Na kule majini binti aliinua kichwa, nywele zimemlowa usoni, akajibu kwa lugha yake ya bara, maneno ya haraka haraka ambayo nusu yake hatukuyaelewa, na nusu tuliyoielewa haiandikiki.

"Amesema nini?" shangazi aliniuliza.

"Amekutukana, shangazi."

"Mimi hasa?"

"Wewe hasa."

Alifurahi mpaka akashika ubavu. Kisha akainama kwenye karai, akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, na mama wa viazi alipotaka kumpokea alimsukuma mkono. Alikizamisha mwenyewe kwenye pilipili, akakigeuza, akakizamisha tena. Akakunja kanga yake magotini, akaingia majini kwenda kumngoja.